Sura ya Sita: Kwa Nini Ukalale Chini na Kitanda Unacho?

Swali hili sikulitunga mimi. Aliyeniuliza kwanza ni mama mdogo, tumekaa mbele ya kibanda chake katika kambi moja ya wahamishwa nje ya Bunia, mkoani Ituri, Kongo, siku niliyomwambia kwamba likizo ya Julai nitafunga safari kwenda Turkana, kaskazini mwa Kenya, nikalale jangwani usiku tatu karibu na mawe ya kale. Alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo. Akausimamisha mchi.

"Mwanangu," akasema, "nyumba unayo. Kitanda unacho. Unaenda kulala chini ya shitingi kwa kupenda?"

Shitingi, kwa msomaji asiye wa kwetu, ni lile turubai la plastiki ambalo mashirika huwagawia watu waliokimbia vita. Kwetu Djugu neno hili halihitaji maelezo. Vita vya 1999 hadi 2003 vilitufundisha neno hilo, na tangu Desemba 2017 tumelirudia darasa: vijiji vimekimbiwa, vikarudiwa, vikakimbiwa tena. Kwa hiyo mtu wa huku akisikia "kupiga kambi" haoni moto wa kuni na gitaa. Anaona foleni ya maji.

Baada ya mama mdogo waliniuliza wengine: dereva wa lori pale pakingi, mwalimu mwenzangu, wanafunzi wa mwaka wa mwisho, hata afisa mmoja wa mpakani aliyelipekua hema langu akitafuta sababu nyingine iliyofichwa ndani. Wote walikuwa wakiuliza jambo lile lile: mawe yana nini hata ukalale nayo? Si ungeyatazama ukaondoka?

Nilikuwa sina jibu nilipoondoka.

Magofu ya nani?

Neno lenyewe lina kasoro yake. Gofu ni jengo lililoachwa na wenyewe. Msomaji wa pwani akisikia magofu, mawazo yanamwendea Gede, Kilwa Kisiwani na Songo Mnara: kuta za matumbawe na misikiti iliyoezuliwa na karne. Mtu wa Djugu anaona shule isiyo na mabati, ambayo yeye mwenyewe aliisoma. Wa Kilo na Bambu anaweza pia kuona nyumba za wazungu wa migodi, maana dhahabu ya Kilo ilianza kuchimbwa mwanzoni mwa karne ya 20, na kampuni zilikuja zikaondoka, majumba yakabaki.

Mabaki ya kale kabisa Ituri inayo pia. Katika Mlima Hoyo, kusini mwa Bunia, kuna pango la Matupi ambamo watu walikaa makumi ya maelfu ya miaka iliyopita. Miaka ya 1970 na 1980, wazungu waliokuwa wakivuka Afrika kwa malori walikuwa wakisimama Epulu kutazama okapi na Mlima Hoyo kutazama mapango. Wazee wa Komanda bado wanasimulia mahema yao. Wakati huo jirani zetu waliwashangaa kama mama mdogo alivyonishangaa mimi. Leo njia ya huko siyo ya kwenda kutalii, kwa sababu ambazo kila mtu wa Irumu anazijua, nami sitamshauri mtu aende kutafuta historia mahali ambapo wenyeji wenyewe wamekimbia.

Ndipo nikaangalia mashariki.

Barabara yenye lugha mbili

Kutoka Bunia kwenda Uganda kuna njia ya maji na njia ya nchi kavu. Ya maji unateremka Kasenyi au Tchomia, unavuka Ziwa Albert kwa mtumbwi wa injini hadi Ntoroko. Ya nchi kavu ni Barabara ya Taifa namba 27, inayopanda kaskazini kupita Iga Barrière na Fataki hadi Mahagi. Ni barabara ya udongo. Kukiwa na jua unakula vumbi, mvua ikinyesha lori moja likinasa, mengine 20 yanapanga nyuma yake na wanawake wa kijiji cha karibu wanaanza kuuza mahindi ya kuchoma.

Hali ya njia hiyo hubadilika kwa wiki, wakati mwingine kwa saa. Habari zake usizitafute ofisini. Nenda pakingi alfajiri, utafute dereva aliyeingia jana jioni, umuulize alilala wapi na kwa nini. Jibu la pili ndilo lenye maana. Mimi niliahirisha safari siku nne kwa sababu ya jibu la aina hiyo, na sikujuta.

Mahagi unatokea mpaka wa Goli, na hapo mambo matatu hubadilika kwa mpigo. Gari lililokuwa likienda kulia linahamia kushoto. Saa yako unaisogeza mbele kwa saa moja. Na faranga unazikunja mfukoni, ingawa Mahagi yenyewe shilingi ya Uganda imezoeleka sokoni kuliko watu wa Kinshasa wanavyodhani. Kitu kisichobadilika ni lugha: Kialur cha Mahagi ndicho Kialur cha Nebbi. Mpaka umepita katikati ya watu wanaozikana.

Hili la lugha lilinishika njia nzima. Kutoka Nebbi unavuka Mto Nile kwenye daraja la Pakwach, unapita ukingoni mwa mbuga ya Murchison Falls (tembo walikuwa mita chache kutoka lami, na hakuna abiria aliyefunga dirisha), unafika Karuma, kisha Lira. Muda wote huo unasikia Kialur, Kiacholi na Kilango, ndugu wa jamii ya Kiluo, na mtu wa Mahagi akitulia anaelewa mengi. Ukiingia Soroti, sauti zinageuka. Kiteso, Kikaramojong cha Moroto na Kiturkana cha Lodwar ni jamii moja nyingine; Mkaramojong na Mturkana husikilizana. Kwa hiyo kutoka Mahagi hadi Lodwar nilipita nyumba mbili tu za lugha, na Kiswahili changu, kilicholala Uganda karibu njia nzima, kiliamka tena Kenya.

Kati ya Moroto na Lodwar, ukishavuka mpaka, kuna mahali panaitwa Lokiriama. Mwaka 1973 wazee wa Turkana na wa Matheniko, ambao ni tawi la Wakaramojong, walikutana hapo baada ya miaka ya kuibiana ng'ombe na kuuana, wakapatana, wakazika silaha ardhini. Mapatano hayo bado huadhimishwa kila mwaka. Nilimwomba dereva asimame. Abiria wenzangu walidhani nataka kujisaidia. Mtu wa Djugu hapiti mahali kama pale kwa mwendo wa kawaida.

Kwa ufupi, kuhusu njia:

- Pasipoti na kadi ya chanjo ya homa ya manjano viwe mahali pamoja, pasipo maji wala jasho. Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, lakini masharti ya viza hubadilika, kwa hiyo uliza kabla hujapanda gari.
- Safiri mchana. Giza likikukuta mjini, lala hapo hapo.
- Kuanzia Moroto kwenda mashariki jaza maji kila unapoyaona, hata kama ndoo bado imejaa nusu.

"Haya tu?"

Lodwar ni mji wa joto. Ni mji ambamo serikali ya kikoloni ilimweka Jomo Kenyatta mwaka 1959 alipomaliza kifungo chake Lokitaung, na ukishuka kwenye gari saa saba mchana unaelewa mara moja kwa nini walipachagua. Kutoka hapo kwenda Kalokol, karibu na Ziwa Turkana, ni kama kilomita 60. Mawe yako kando ya barabara hiyo, kabla hujafika Kalokol.

Niliyaona saa nane mchana na niseme ukweli: yalinisikitisha. Ni nguzo 19 za basalti, yaani lile jiwe jeusi gumu linalotokana na moto wa volkeno uliopoa. Nyingi hazimfikii mtu kifuani. Zimeinama huku na huku kama watu waliochoka kusimama kwenye mkutano wa chifu. Gari lingine lilisimama tukiwa pale, wakashuka vijana watatu, wakapiga picha, mmoja akauliza, "Haya tu?" Dakika sita baadaye vumbi lao lilikuwa limeshatulia.

Waturkana wanapaita Namoratunga, watu wa mawe. Wanasimulia kwamba watu walikuwa wakicheza ngoma, akaja mgeni ambaye hakuwa binadamu wa kawaida, akawaonya wasimcheke. Wakacheka. Ndio hao wamesimama. Mpita njia hutafuta kijiwe akakiweka juu ya nguzo, na nguzo kadhaa zina chungu ndogo za vijiwe vya namna hiyo. Kijana aliyenisindikiza kutoka Kalokol aliweka chake bila kukatiza maneno yake, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba aliyozoea kuingia.

Waturkana wenyewe hawadai kwamba babu zao ndio waliosimamisha nguzo hizo. Wao walifika nchi ile karne chache tu zilizopita. Basi nani?

Hapa wanaingia wanaakiolojia, watu ambao kazi yao ni kusoma maisha ya zamani kwa kufukua vitu vilivyobaki ardhini. Mwaka 1978 Wamarekani wawili, Mark Lynch na Lawrence Robbins, walitangaza jambo lililozunguka dunia: nguzo zimepangwa kuelekea nyota. Walipima mielekeo yake wakailinganisha na kalenda ya Waborana, watu wa kusini mwa Ethiopia na kaskazini mwa Kenya, wanaohesabu mwaka kwa kutazama mwezi unavyokutana na nyota maalumu. Mojawapo ni lile kundi ambalo Waswahili tunaliita Kilimia, kwa sababu lilituambia wakati wa kulima. Wakasema mawe yalisimamishwa miaka kama 300 kabla ya Kristo.

Hadithi tamu, na bado utaisikia Lodwar. Ila mwaka 1982 Robert Soper alieleza tatizo dogo lenye madhara makubwa. Basalti ile ina usumaku. Dira, yaani kile chombo chenye sindano inayoonyesha kaskazini, ukiisogeza karibu na nguzo huanza kudanganya. Nilijaribu na dira ya simu yangu, nikizunguka nguzo moja taratibu: kaskazini ilihama mara tatu. Vipimo vya kwanza vilikuwa vimechafuliwa na vitu vyenyewe vilivyopimwa.

Uchimbaji wa miaka ya karibuni umeonyesha kwamba mahali pale ni pa kale zaidi kwa zaidi ya miaka 2,000, na kwamba ni makaburi.

Makaburi yasiyo na chifu

Namoratunga haiko peke yake. Kuzunguka Ziwa Turkana kuna maeneo kadhaa ya nguzo, na lililochimbwa kwa makini kuliko yote ni Lothagam Kaskazini, upande huo huo wa magharibi wa ziwa. Mwaka 2018 Elisabeth Hildebrand na wenzake walitoa matokeo yao. Nayaeleza kwa kituo, kwa sababu ndiyo yaliyonifanya nifunge safari.

Miaka kati ya 5,000 na 4,300 iliyopita, watu walichimba shimo pana ndani ya mchanga hadi kwenye mwamba. Wakazika humo maiti, moja baada ya nyingine, kwa karne kadhaa, wamebanana. Watafiti wanakadiria watu wasiopungua 580. Shimo lilipojaa walilifunika kwa mawe, wakatengeneza jukwaa la duara lenye upana wa kama mita 30, na upande wa mashariki wakasimamisha nguzo za basalti walizozibeba kutoka mbali. Umri huo umejulikana kwa kupima kaboni: kila kiumbe hai kina kaboni ya aina fulani ambayo huanza kupungua kwa kasi inayojulikana tangu siku anapokufa, kwa hiyo iliyobaki kwenye mkaa au mfupa husema umri wake.

Linaloshangaza zaidi ni waliozikwa. Wanaume, wanawake, wazee, watoto wachanga. Karibu kila mmoja amevikwa kitu: shanga za mawe ya rangi, mapambo ya meno ya kiboko, na mmoja wao kichwani alikuwa na mamia ya meno ya panya wa jangwani yaliyopangwa moja moja. Hakuna pembe ya shimo iliyotengwa kwa wakubwa, wala mtu mmoja aliyelundikiwa mali huku wengine wakiwa uchi.

Kwa miaka mingi wataalamu walifundisha kwamba kazi kubwa ya mawe inahitaji mfalme: mtu wa kuamuru, askari wa kusimamia, ghala la kulisha vibarua. Lothagam haina mfalme. Walioijenga walikuwa wafugaji wa mbuzi, kondoo na ng'ombe, waliohamahama.

Sisi Wakongo tunalo neno la kazi ya pamoja: salongo. Wakati wa Mobutu Jumamosi ilikuwa siku ya kufagia na kuziba mashimo, na asiyetokea alikuwa na la kujibu. Baba yangu alikuwa akisema salongo bila polisi haifiki saa mbili. Nikiwa Namoratunga nilikuwa nikimfikiria. Hapa watu walibeba mawe meusi mazito kwenye joto lile, wajukuu wakapokea kwa babu, miaka mia baada ya mia, na hakuna dalili ya polisi.

Kwa nini walijisumbua? Maelezo ya watafiti yanaanzia kwenye ziwa. Kabla ya hapo nchi hii ilikuwa na mvua nyingi, hata Sahara ilikuwa na majani. Kuanzia miaka kama 5,000 iliyopita mvua zilipungua na Ziwa Turkana likashuka makumi ya mita. Ufuo ulihama. Waliokuwa wavuvi walijikuta mbali na maji, na wakati huo huo watu wenye mifugo walikuwa wakiingia kutoka kaskazini. Wageni, wenyeji, malisho mapya yasiyo na mwenyewe. Watafiti wanafikiri maeneo ya nguzo yalikuwa vituo vya kukutania: mahali pasipohama, kwa watu ambao kila kitu chao kilikuwa kinahama. Ukija kumzika mtu wako unakutana na wenzako, mnapeana habari za maji, mnaoana, mnakopeshana mbuzi.

Nayapenda maelezo haya, na ndiyo maana nayashika kwa tahadhari. Mtu anayetoka Djugu huona upatanisho hata mahali ambapo kuna mawe tu. Shimo la maiti haliwezi kutuambia walio hai waligombana mara ngapi njiani.

Kwa ufupi: nguzo za Turkana ni alama za makaburi ya wafugaji wa miaka kama 5,000 iliyopita, zilijengwa wakati ziwa linakauka na watu wanachanganyika, na waliojenga hawakuwa na mfalme tunayeweza kumwona.

Usiku

Sikulala kati ya nguzo. Hayo ni makaburi, na yako chini ya ulinzi wa sheria ya Kenya. Tulipiga hema mbali kidogo, baada ya kumwona chifu wa eneo na mzee mmoja mwenye mbuzi ambaye ndiye hasa jirani wa mahali pale. Mzee alikuja jioni na kiti chake mkononi, ekicholong, kile kigoda kidogo cha mti ambacho Mturkana hukikalia mchana na usiku akakiweka chini ya kichwa. Akanitazama ninavyohangaika na hema.

Kulisimamisha nilikuwa nimefundishwa na mama mdogo, ambaye ameishi chini ya turubai miaka mingi kuliko mtalii yeyote ninayemjua. Masomo yake yalikuwa manne: chimba mfereji kabla hujafunga kamba, mlango upe mgongo upepo, chini tandika majani makavu, nguo zitanyonya maji, kamba iwe fupi, ndefu itakwaza watoto. Jangwani mawili yalishika na mawili yakashindwa. Mfereji kwenye mchanga ni kujichosha, na majani hayako. Lakini upepo wa Turkana ukianza saa mbili usiku, unajua aliyekwambia habari ya mlango alikuwa mwalimu. Vigingi vyangu uling'oa vyote. Mzee hakucheka sana. Alichukua mfuko mtupu wa unga, akaujaza mchanga, akaufunga kamba, akauzika kina cha mkono, akakanyaga. Tukafanya hivyo pembe zote nne, na hema likatulia.

Baadaye nikagundua kwamba hema lenyewe halikuhitajika. Ndani palikuwa tanuri. Usiku wa pili nilitoa godoro nje, nikafunga chandarua kwenye mgunga, nikalala kama wenyeji wanavyolala.

"Wewe ni Mkongo," mzee aliniambia katika Kiswahili chake cha polepole. "Uko Kakuma sehemu gani?"

Kakuma ni ile kambi kubwa ya wakimbizi kaskazini-magharibi mwa Lodwar, iliyofunguliwa mwaka 1992, na Wakongo wamo wengi. Nikamwambia sikai Kakuma, nimetoka kwetu na nitarudi kwetu, nimekuja kulala karibu na mawe haya. Akanyamaza kidogo. Kisha akauliza lile lile swali: nyumbani sina kitanda?

Jibu nililipata asubuhi iliyofuata, na sikulipata kwa kufikiri. Niliamka kabla ya mapambazuko. Kilimia kilikuwa kimeshapanda upande wa mashariki. Jua lilipochomoza likiwa chini kabisa, kila kijiwe kilitupa kivuli kirefu, na ardhi niliyoiona jana kuwa tambarare tupu ikajichora. Nguzo zilikuwa ndani ya duara la mawe madogo. Duara zima, wazi kama mstari wa chaki. Mchana nilikuwa nimelikanyaga mara kumi bila kuliona, na wale vijana wa dakika sita waliegesha gari wakageuza bila kujua kwamba lipo. Likadumu kama robo saa. Jua lilipopanda, likafutika.

Nilimwita mzee nikamwonyesha. Akaniambia yeye huliona kila siku.

Gofu jingine, la juzi

Kalokol ina magofu mapya pia. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Norwei ilijenga hapo kiwanda kikubwa cha kugandisha samaki, ili Waturkana wavue na kuuza mbali. Kugandisha kulihitaji umeme na maji safi kupita kiasi katika nchi yenye joto kama lile, hesabu ikakataa, na mitambo ikazimwa baada ya siku chache. Miaka michache baadaye ghuba ya Ferguson, iliyokuwa na samaki wale, ikakauka. Jengo likabaki. Watu wamelitumia kwa mambo mengine, ghala likiwa mojawapo.

Samaki wenyewe hawakuhitaji barafu. Wanapasuliwa, wanatiwa chumvi, wanaanikwa juani, na miongoni mwa wanunuzi wao wakubwa ni wafanyabiashara wa Kongo. Nilisimama kwenye mabanda yao nikasikia harufu ya soko la Bunia. Makayabo! Nimeyala miaka yote nikidhani yanatoka Tchomia tu. Kumbe kabla sijaijua barabara ile, chakula changu kilikuwa kimeipita mara nyingi, kikivuka Goli bila kuulizwa kitanda.

Vya kubeba, na vya kuacha

Sipendi orodha ndefu za safari, huandikwa na watu wanaouza mabegi. Yangu ni hii:

- Maji: mimi huhesabu lita 8 kwa mtu kwa siku, kunywa na kupika. Maji ya Ziwa Turkana yana magadi na floridi nyingi, ile chumvi inayoharibu meno na mifupa ikizidi, usiyategemee.
- Mifuko mitupu ya unga, minne. Umeshajua kazi yake.
- Vifaa vya kuziba pancha. Mathenge, ule mti wa miiba ulioletwa kuzuia jangwa na sasa umeteka kingo za mito, hutoboa tairi kama msumari.
- Viatu vya kufunga. Vikung'ute kila asubuhi kabla ya kuvaa, nge hupenda ngozi yenye joto.
- Fedha taslimu kidogo kidogo, kwa ajili ya msindikizaji na mzee wa mahali.

Usilale ndani ya laga, yaani mkondo wa mto uliokauka. Mchanga wake ni laini na unashawishi, lakini mvua ikinyesha milimani ambako huioni, maji hufika usiku yakiwa ukuta. Usilale ufuoni pia, ziwa lina mamba. Na usiokote kitu. Ushanga ulioachwa mahali pake unaweza kumwambia mtafiti habari ya miaka 5,000. Ukishaingia mfukoni mwako hauna tena habari ya kusema.

Mama mdogo akagua

Nilirudi Bunia na hema lenye mchanga kwenye kila mshono. Alitaka kuliona. Nililisimamisha mbele ya kibanda chake, na majirani wakaja na viti. Alilizunguka mara mbili, akalibinya kwa vidole, akalipima kwa mkono kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole, akaingia, akajilaza, akakaa humo muda kuliko nilivyotarajia. Nilimsimulia kupitia kitambaa habari ya duara la mawe na ya watu 580 waliozikwa pamoja. Akauliza kama watoto nao walivikwa shanga. Nikamwambia ndiyo, watoto pia. Akanyamaza tena.

Alipotoka alikuwa na lawama moja.

"Halina mahali pa kuweka sufuria."

Kisha akaziinamia kamba, akazivuta moja moja, akauliza ningekuwa na shida gani nikimwachia hizo.